Mshindi Aliyemngoja wa Mwisho

Somo la kujifunza nyumbani na katika jumuiya

Masomo ya kusoma kwanza: Waebrania 12:1-3, 1 Wakorintho 9:24-27, Warumi 12:15, Mhubiri 9:11



Neno "theluji" tumelisoma mara nyingi katika Biblia. Tumelikuta katika Isaya sura ya 1, panapotajwa dhambi zitakazosafishwa, tena katika Zaburi ya 51 na ya 147. Lakini wengi wetu hapa Kyela hatujapata kuikanyaga theluji hata siku moja. Nchi yetu ni ya joto, nchi ya mpunga, kakao na ndizi. Baridi tunayoijua ni ile ya kwa wenzetu wa Tukuyu, au habari za umande ugandao juu ya majani kule Kitulo mwezi wa Juni na Julai. Aliyefika Moshi ameiona theluji ya Kilimanjaro kwa mbali, basi.

Hata hivyo, siku hizi theluji imeingia nyumbani mwetu kwa njia ya televisheni. Kila baada ya miaka minne, mwezi wa Februari, mtu anayetafuta mpira katika king'amuzi chake huweza kukuta watu waliofunga mbao ndefu miguuni wakiteremka mlima mweupe kama mawe yanayoporomoka. Wengine huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali kama visu. Hiyo ndiyo Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, iliyoanza mjini Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Mwaka 2026 ilifanyika Milano na Cortina, nchini Italia, tangu tarehe 6 hadi 22 Februari, hata Jumatano ya Majivu, tarehe 18, ikaangukia ndani ya siku zake.

Tulipoitazama mara ya kwanza tulicheka. Tulisema, "Watu hawa wana kazi gani ya kufanya?" Lakini haikupita nusu saa tukawa tumesimama, tunapiga kelele, tunamwombea ushindi mtu ambaye hata jina lake hatukuweza kulitamka. Alipoanguka tulishika vichwa. Alipoinuka tukapiga makofi. Tukarudi nyumbani tumechoka kana kwamba sisi ndio tuliokimbia.

Basi katika somo hili tujiulize: Moyo huu unaopanda na kushuka kwa ajili ya watu wa mbali ni moyo wa namna gani? Je, una faida kwa Mkristo, au ni upuuzi mtupu?

1. MOYO HUPANDA NA KUSHUKA

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 2 Februari 1974, ndugu yetu Filbert Bayi aliposhinda mbio za mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Alishika uongozi tangu mwanzo na hakuuachia mpaka mwisho. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Hiyo tuliingoja mpaka mwaka 1994. Habari zilitufikia kwa redio na magazeti. Hata hivyo mioyo iliruka.

Televisheni imeongeza jambo moja: inatuonyesha uso wa mtu. Tunamwona anavyouma midomo kabla ya kuanza. Tunamwona mama yake kati ya watazamaji, amefumba macho. Na katika michezo ya theluji na barafu, kazi ya miaka mingi huweza kupotea kwa kufumba na kufumbua, maana njia yenyewe inateleza. Tutoe mifano miwili.

Mwaka 2002, huko Salt Lake City, Marekani, watu watano walishindana katika fainali ya mbio za mita 1000 juu ya barafu. Steven Bradbury wa Australia alikuwa wa mwisho, nyuma kabisa. Wanne waliokuwa mbele walikuwa wakisongana. Kwenye kona ya mwisho, karibu na kumaliza, wote wanne wakaanguka. Bradbury akapita taratibu, akavuka mstari wa kwanza. Ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa Australia kupata dhahabu katika michezo ya majira ya baridi. Hapo Mhubiri 9:11 panafahamika vizuri: wenye mbio si lazima wawe ndio washindi.

Mwaka 2006, huko Torino, Italia, binti mmoja Mmarekani, Lindsey Jacobellis, alikuwa ameongoza mbali sana katika mbio za kuteremka kwa ubao mmoja. Karibu na mwisho, akiwa hewani, akafanya madaha kwa kuushika ubao wake, akaanguka. Mwenzake wa Uswisi akampita, akachukua dhahabu. Watu walimcheka miaka na miaka. Lakini hakuacha. Mwaka 2022, huko Beijing, akiwa na umri wa miaka 36, alirudi akaipata dhahabu aliyoikosa miaka 16.

Mwenye kutazama mambo hayo atakosaje kuguswa? Kwa muda mfupi ameona kiburi, aibu, saburi na furaha, yote mbele ya macho yake.

2. ZAWADI NA HATARI YAKE

Kwanza tushukuru. Mungu ametupa moyo unaoweza kutoka nje ya kifua chetu na kuingia katika shida ya mwingine. Mtakatifu Paulo, katika Warumi 12:15, anatuagiza kufurahi na wenye furaha na kulia na wenye kulia. Mtu akiweza kumlilia mgeni aliyeanguka katika theluji ya mbali, ndani yake mna mbegu ya upendo. Asiyeguswa na lolote ndiye wa kuhurumiwa.

Lakini mbegu si mavuno. Mkulima wa mpunga anajua kwamba mbegu iliyobaki ghalani huliwa na panya. Tuziangalie hatari nne.

(a) Dhihaka. Ni rahisi sana kumcheka wa mwisho. Sisi tunaokaa juu ya benchi katika banda la video, tukitafuna karanga, tunamwita mvivu mtu aliyefanya mazoezi miaka kumi. Midomo inayozoea kumcheka aliye katika televisheni haitashindwa kumcheka jirani.

(b) Hasira. Wako watu ambao timu yao ikifungwa, chakula hakiliki, watoto hawasemi, na mama wa nyumbani anatembea kwa vidole kama aliye katika nyumba ya mgonjwa. Huyo baba hakufungwa yeye. Hakupoteza shamba wala mtumbwi. Lakini nyumba nzima inalipa deni la mchezo. Sisi wanaume tujipime hapo.

(c) Kamari. Siku hizi mtu hatazami mchezo kwa furaha. Anatazama fedha yake. Vijana wetu huita karatasi ile "mkeka", na ikishindwa husema mkeka umechanika. Tusifiche: imetokea kati yetu kwamba baba ameuza kakao, na fedha ya sare za watoto ikaishia katika mikeka ya namna hiyo kabla haijafika nyumbani. Mtu wa namna hiyo hampendi mchezaji. Akishinda humsifu kwa sababu ya fedha, akishindwa humlaani kwa sababu ya fedha. Moyo uliokuwa umeumbwa kwa huruma umefanywa kuwa mizani ya dukani.

(d) Huruma inayoishia kwenye kioo. Hii ndiyo hatari iliyofichika kuliko zote, na hapa tunaungama kosa letu wenyewe. Jioni moja tulitoka kutazama mbio hizo macho yakiwa bado na machozi kwa ajili ya kijana aliyeanguka. Njiani tulipita nyumbani kwa mjane wa mtaa wetu, ambaye upepo ulikuwa umeezua sehemu ya paa lake wiki ile. Alikuwa amekaa nje. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, wanangu." Tukapita. Wala hakuna aliyekumbuka paa lake mpaka tulipofika nyumbani na mvua ikaanza kunyesha. Huruma yetu yote tulikuwa tumeimaliza mbele ya televisheni. Kesho yake tulikwenda na makuti na misumari, lakini usiku ule alikuwa amekwisha kulala palipolowa.

3. HABARI YA PHILIP BOIT

Sasa tusikilize habari ya jirani yetu wa Afrika Mashariki. Philip Boit ni Mkenya, mkimbiaji wa mita 800, wa jamaa ya Mike Boit aliyepata medali ya shaba huko Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni moja ya viatu vya michezo ilimpeleka Finland pamoja na mwenzake Henry Bitok, wajifunze kukimbia juu ya theluji kwa mbao. Mtu aliyekulia katika nchi ya Ikweta akaanza kujifunza kusimama upya, kama mtoto.

Baada ya miaka miwili tu, tarehe 12 Februari 1998, alisimama mahali pa kuanzia huko Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mbio zenyewe zilikuwa za kilometa 10. Aliyeshinda alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, bingwa mkubwa, ambaye alimaliza maisha yake ya michezo akiwa na medali 8 za dhahabu za Olimpiki. Alitumia dakika 27 na sekunde 24. Watu wa Norwei hujifunza kutembea kwa mbao hizo tangu utoto, kama watoto wa Matema wanavyojifunza kuogelea.

Boit alikuwa bado yuko porini. Wengine wote waliofika mwisho walikuwa wamekwisha kufika. Zilipita dakika 10, zikapita 15. Hatimaye akaonekana, peke yake, anajikokota kupanda kilima cha mwisho, na watazamaji wakaanza kumpigia kelele za kumtia moyo. Alivuka mstari baada ya dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya mshindi.

Na nani alikuwa amesimama pale mstarini? Dæhlie mwenyewe. Sherehe ya kutoa medali ilikuwa inamngoja, lakini yeye alimngoja Mkenya. Boit alipovuka, bingwa yule alimkumbatia mbele ya dunia nzima. Tangu siku ile wakawa marafiki, na Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie. Tena hakuacha mchezo ule. Alishindana tena Salt Lake City mwaka 2002, na Torino mwaka 2006, ambako katika mbio za kilometa 15 alimaliza na wengine wakiwa nyuma yake.

Habari hiyo inatukumbusha ndugu yetu wenyewe, John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za marathoni huko Mexico City, alianguka akaumia vibaya goti. Hakutoka njiani. Aliingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Giza lilikuwa limeingia, na watazamaji wengi walikuwa wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali azimalize.

Wote wawili walikuwa wa mwisho, na wote wawili walimaliza. Na katika kila habari kuna swali kwa sisi watazamaji: Wa mwisho anapofika, ni nani atakayekuwa bado yupo pale?

4. KRISTO MWISHONI MWA NJIA

Sasa tufungue Waebrania 12:1-3. Mwandishi anasema kwamba sisi sote tuko katika mbio, na kwamba mashahidi wametuzunguka kama wingu. Sisi wa pwani ya Ziwa Nyasa tunaweza kulifahamu wingu hilo. Tumeona wadudu wadogo wanavyosimama juu ya ziwa kama moshi mrefu. Kwa mbali ni moshi mmoja, lakini likikaribia unaona ni maelfu, kila mmoja na mabawa yake. Ndivyo walivyo watakatifu waliotutangulia: mitume, mashahidi, bibi na babu zetu waliobatizwa kwanza. Hawakuja kutucheka. Wanajua jinsi njia inavyoteleza, maana wameipita.

Kisha mwandishi anatuelekeza tumtazame Yesu. Hapa ndipo mahali pa kutazama kuliko televisheni zote. Yesu amekwisha kuzimaliza mbio zake. Amepita msalabani, ameidharau aibu yake, ameketi katika utukufu. Alikuwa na haki ya kuingia katika sherehe yake na kutuacha njiani. Lakini hakutuacha. Kama Dæhlie alivyosimama katika baridi kumngoja mtu ambaye hakuwa na medali yoyote, ndivyo Mwokozi wetu anavyowangoja walio nyuma. Wala si kungoja tu. Bingwa wa Nagano hakuweza kurudi nyuma na kumshika mkono mwenzake kilimani, lakini Kristo ametuma Roho wake aende pamoja nasi katika kila hatua. Anatulisha njiani kwa Mwili na Damu yake. Na yule baba wa Luka sura ya 15, alipomwona mwanawe angali mbali, hakungoja mstarini bali alikimbia kumlaki.

Mtakatifu Paulo katika 1 Wakorintho 9 anasema wanamichezo huvumilia mengi kwa ajili ya taji linaloharibika. Katika uwanja wa dunia dhahabu ni ya mmoja. Katika mbio za Kristo taji la mwenzako halipunguzi lako. Kwa hiyo hatuna sababu ya kufurahi jirani akianguka, kwa maana tunakwenda nyumba moja.

5. NANI NI WA MWISHO KATI YETU?

Ndugu, mafundisho haya yasibaki Nagano. Tutazame katika mtaa wetu wenyewe.

Yuko bibi anayetoka mbali kwa miguu, akafika kanisani mahubiri yamekwisha. Je, tunamgeuzia macho ya kumhukumu, au tunasogea apate nafasi? Yuko kijana aliyeshindwa katika mafundisho ya Kipaimara mara mbili, sasa anaona haya kurudi. Yuko ndugu aliyetengwa na Ushirika kwa kosa lake, akatubu, akarudishwa. Lakini akikaa kwenye benchi, wenzake wanahamia benchi la pili. Yuko mlevi anayejaribu kuacha, akaanguka tena wiki iliyopita. Yuko mama ambaye mpunga wake ulichukuliwa na maji, na sasa kila mtu amevuna isipokuwa yeye.

Hao ndio walio bado kilimani. Sisi tuliomaliza mapema tumekwenda zetu, kama watazamaji wa Mexico City. Ni aibu kwamba tunaweza kusimama na kumpigia makofi Mkenya katika picha ya mwaka 1998, lakini hatuwezi kumngoja mwenzetu dakika tano baada ya Misa.

Hatusemi kutazama michezo ni dhambi. Tutazame, tufurahi, hata machozi yakitoka si aibu. Ila tufanye sheria moja ndogo: kila mara moyo wetu unapomlilia mtu aliye katika televisheni, kabla ya kulala tumtaje kwa jina mtu mmoja wa hapa karibu aliye nyuma katika mbio zake. Tumwombee. Na kesho yake tumfikie.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mara ya mwisho ulipofurahi sana au kuhuzunika sana kwa sababu ya mchezo, watu wa nyumbani mwako walipata nini kutoka kwako: furaha au hofu?

2. Someni Mhubiri 9:11 pamoja na habari ya Steven Bradbury. Je, inatufundisha uvivu, au inatufundisha unyenyekevu? Toeni sababu.

3. Jumuiya yenu inaweza kumsaidiaje ndugu aliyeshikwa na kamari bila kumtia aibu mbele ya watu?

4. Tajeni, kwa upole na bila masengenyo, ni watu gani katika mtaa wetu ambao tumewaacha nyuma. Nani atakwenda kwao wiki hii? Andikeni siku, wala msiseme "tutaona".

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyezimaliza mbio zako kwa njia ya msalaba, utuhurumie sisi tunaokwenda polepole. Tunapoanguka, utuinue. Tunaposhinda, utuepushe na kiburi. Uisafishe furaha yetu na huzuni yetu, zisiishie katika mambo ya kupita, bali zitupeleke kwa ndugu zetu. Utufundishe kumngoja wa mwisho, kwa kuwa wewe unatungoja sisi. Unayeishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.